Nitumie picha yenyewe kwanza, habari ya simu baadaye

"Dada, hizi picha zimetoka na ukungu, utazitengeneza?" Ujumbe huu naupokea mara nyingi kuliko salamu.

Kazi yangu ni kupanga kurasa: kadi, vijarida, kalenda, mabango, vitabu vidogo vya kumbukumbu. Picha sipigi mimi. Wanapiga wenye shughuli kwa simu zao, kisha wananiletea nizifanye zipendeze kwenye karatasi. Kwa hiyo mikononi mwangu zimepita picha mbovu za kila aina, nyingine kutoka simu za bei rahisi, nyingine kutoka simu ambazo wenyewe huzishika kwa mikono miwili.

Msimamo wangu ni kwamba simu husingiziwa sana. Mtu akiona picha mbaya anawaza kununua simu nyingine, au anakimbilia kwa fundi akafunguliwe kamera ambayo haina tatizo lolote. Mimi huomba kitu kimoja kabla ya yote: nitumie picha yenyewe. Sitaki iliyopita kwenye kundi la familia, wala iliyopigwa kutoka kwenye skrini, wala uliyoivua kwenye status ya shangazi. Nataka ile iliyotoka kwenye kamera. Kila chanzo cha ubovu huacha alama yake ndani ya picha, na ukiijua alama hubahatishi tena. Lakini alama hizo hufutika picha ikishabanwa, na hapo hata mimi nabaki kukisia.

Basi tuanze na huko kubanwa, maana kesi nyingi zinazonifikia huishia hapo hapo.

Simu ya kawaida siku hizi hutoa picha ya pikseli (vile vijinukta vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, ile inayonifikia huwa na upande mrefu wa pikseli 1600 hivi. Piga hesabu: 1600 kwa 1200 haifiki hata milioni mbili. Umepiga picha nzima ukanitumia chini ya sehemu moja ya sita yake, na hiyo iliyobaki nayo imebanwa upya. Kwenye simu hutaona kitu, kioo chenyewe kidogo. Karatasi haifichi. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, na 1600 ukiigawa kwa 300 unapata inchi tano na kidogo. Hiyo ni picha ya albamu. Mteja anataka ijae ukurasa wa A4, ambao unahitaji pikseli 3508 kwa urefu. Picha yake ya asili ingetosha na kubaki, ila hakunitumia hiyo.

Ubanaji wenyewe una sura yake. JPEG, mtindo wa kuhifadhi picha uliosanifiwa mwaka 1992, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kijisanduku hutupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Ikifanyika mara moja kwa upole, hakuna anayegundua. Lakini picha ikitoka kwa mwenyewe ikaenda kwenye kundi, ikahifadhiwa, ikawekwa status, ikapigwa picha ya skrini na kutumwa tena, inafika kwangu imechoka. Ikuze uangalie pale nywele zinapokutana na anga, au kando ya maandishi ya bango lililo nyuma ya watu. Utaona vijinukta vya rangi chafu vikizunguka kila ukingo, na kwenye anga utaona vile vijisanduku vyenyewe vimepangana. Ukiona hivyo, kamera haihusiki. Waulize wasambazaji.

Dawa yake ni kutuma picha kama hati. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, tafuta picha yako, tuma. Inakwenda kama ilivyo. Tangu Agosti 2023 WhatsApp ina pia kitufe cha HD, na kinasaidia kweli, lakini bado kinabana, kwa hiyo kwa kazi ya kuchapa mimi nasisitiza hati. Barua pepe ni sawa, kiungo cha hifadhi ya mtandaoni ni sawa. Na wale wanaopiga picha wakiwa ndani ya kamera ya WhatsApp au Instagram kwa sababu ni rahisi kutuma: acheni. Kamera ya ndani ya programu mara nyingi haipati ule usindikaji wote ambao kamera ya simu yenyewe huufanya. Piga kwa kamera ya simu, kisha ndiyo utume.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki. Simu ikiwa imepangwa kuokoa nafasi, picha kamili hukaa mtandaoni, na kwenye simu hubaki nakala ndogo tu. Ukifungua picha ya zamani bila intaneti unaona ukungu. Mtandao ukirudi, baada ya sekunde kadhaa inatulia. Watu huichukua katika zile sekunde za mwanzo, tena kwa picha ya skrini, halafu wananiambia kwamba picha za zamani "zimeanza kuoza". Hazijaoza. Subiri zishuke.

Haya, sasa tuseme picha ya asili ninayo. Naikuza mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini, kisha naitembeza pole pole kutoka kona hadi kona. Ninatafuta jambo moja: je, kuna mahali popote palipo pakali, yaani panapoonekana wazi bila ukungu? Swali hilo peke yake hutenganisha mambo matatu ambayo wateja wangu huyaweka kapu moja.

Kama hakuna mahali pakali hata sehemu moja, na kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, simu ilitikisika. Tafuta nukta ya mwanga, taa ya mbali au mng'ao kwenye kifungo cha shati. Nukta hiyo itakuwa kijistari, na vijistari vyote kwenye picha vitakuwa na umbo moja, kwa sababu mkono uliovichora ni mmoja.

Kama ukuta ni mkali na mtu ndiye aliyefutika, simu ilitulia, mtu hakutulia.

Na kama kitu kingine ndicho kikali, majani nyuma ya bibi arusi au sikio la mtoto badala ya jicho lake, fokasi ilikwenda pasipotakiwa.

Mama mmoja aliniletea picha ya binti yake akipokea cheti kwenye mahafali. Alikwisha amua kwamba kamera imekufa, amebaki kutafuta nauli ya kwenda kwa fundi. Nikaikuza mbele yake. Pazia la jukwaani lilikuwa kali kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mikunjo yake, hata uzi uliochomoza kwenye pindo ulionekana. Kiatu cha binti, kile kilichokanyaga chini, kilikuwa kikali. Lakini kadiri unavyopanda juu mambo yanaharibika: goti limelainika, kiwiko kimeanza kufutika, na mkono unaopokea cheti umekuwa ukanda wa rangi ya ngozi usio na vidole. Nikafungua taarifa za picha. Shata (mlango wa mwanga) 1/20, ISO (kiasi cha kukuza mwanga) 1250. Yaani kwa muda wa sehemu moja ya ishirini ya sekunde kamera iliacha mlango wazi, na katika muda huo mkono ulisafiri. Kamera iliyoweza kuona uzi wa pazia haijafa.

Hizo taarifa za picha watu wengi hawajui kama zipo. Kwenye iPhone au Google Photos, fungua picha kisha itelezeshe juu. Utaona kasi ya shata, ISO, na lenzi iliyotumika. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huzifuta, ndiyo sababu ya pili ya mimi kung'ang'ania hati. Ukizisoma kwa muda unaanza kuzoea. Nje kwenye jua utaona ISO 50 na shata 1/1000 au zaidi. Ukumbini utaona ISO ya maelfu na shata ya 1/30 kushuka chini. Mtu anayetembea anataka angalau 1/125. Mtoto anayekimbia anataka 1/500, na hata hapo atakusumbua.

Kwa nini simu inachagua polepole hivyo? Kwa sababu haina ujanja. Katika simu nyingi tundu la lenzi halipanuki wala halisinyai. Liko vile vile mchana na usiku. Mwanga ukipungua, simu ina mambo mawili tu ya kufanya: kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, au kuongeza ISO, yaani kukikuza kidogo kilichopatikana. Ikiacha wazi inaleta mtikisiko, ikikuza inaleta chenga, yaani vijipunje vilivyotapakaa ovyo kwenye picha. Na mwanga hupungua kuliko tunavyodhani. Jua la mchana hufikia luksi (kipimo cha mwanga) 100,000. Sebule yenye taa usiku mara nyingi ina luksi 100 au hapo karibu. Ni mara elfu moja pungufu, na jicho limezoea kwa utulivu kabisa, wewe unaona sebule inang'aa. Kamera haijazoea chochote.

Kwa hiyo dawa ya picha za ndani ni mwanga, kabla ya setingi yoyote. Msogeze mtu karibu na dirisha. Washa taa zote. Mgeuze uso uelekee mwanga badala ya kuupa mgongo. Kama anaweza kutulia, mwambie atulie, nawe piga mfululizo picha kadhaa badala ya moja. Kati ya hizo kutakuwa na moja ambayo kila mtu alisimama. Kama tatizo ni mkono wako, bana viwiko mbavuni, egemea mlango, au weka taima ya sekunde mbili tatu, maana kule kugonga kitufe chenyewe kunaitikisa simu katika sekunde mbaya kuliko zote.

Kitulizi cha lenzi kinachosifiwa kwenye matangazo ya simu ni kizuri, ila kinatuliza mkono wako tu. Hakiwezi kumtuliza mtoto. Hali ya usiku nayo ni hivyo hivyo. Google waliileta kwenye simu zao za Pixel mwaka 2018, Apple wakafuata mwaka 2019 na iPhone 11, na ni kazi ya kustaajabisha: simu hupiga picha nyingi ndani ya sekunde chache, ikazipanga na kuzijumlisha chenga ikapungua. Kwa jengo, kwa mtaa mtulivu, kwa mlima, itumie bila wasiwasi. Kwa watu wanaocheza muziki utapata mizimu: mtu mwenye mikono mitatu, uso uliopauka nusu. Hapo izime, ukubali chenga.

Flashi siizungumzii sana. Inafika mita moja au mbili, basi. Kumwashia flashi mzungumzaji aliye jukwaani wewe ukiwa safu ya nane ni kumulika visogo vya safu ya saba.

Sasa chenga zenyewe. Shemeji yangu aliniandikia kwa uchungu: "Shemeji, simu hii ni ya megapikseli 108, mbona usiku ni chenga tupu? Nimeibiwa?" Hakuibiwa, ila aliingia kwenye setingi akalazimisha 108 kwa kila picha. Kihisi cha kamera ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ukikigawa pikseli milioni 108, kila moja inapata mwanga kiduchu. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kihisi hicho kimeundwa kuunganisha pikseli tisa ziwe moja na kutoa picha ya milioni 12. Cha milioni 48 huunganisha nne nne nacho kinatoa 12. Cha milioni 200 huunganisha kumi na sita na kutoa 12.5. Simu ikiachwa ifanye inavyojua, itafanya hivyo. Idadi yote kamili ina faida mchana kweupe, kwa kitu kisichotikisika, kama unataka kuja kukata kipande baadaye. Usiku ni kujitafutia faili zito lenye chenga. Nilimwambia arudishe setingi, akarudisha, ugomvi ukaisha.

Nikiwa hapo hapo: zile simu zenye macho manne nyuma, soma karatasi ya sifa zake. Mara nyingi mawili kati ya hayo ni ya megapikseli 2, yamewekwa ili nyuma ya simu ionekane imeshiba. Ukipiga kwa jicho la namna hiyo ukapata picha dhaifu, hakuna cha kurekebisha. Rudi kwenye kamera kuu.

Kinyume cha chenga ni ugonjwa ambao wengi hawautambui kwa sababu unaonekana kama usafi. Programu ya simu hujaribu kufuta chenga, na ikipitiliza inafuta na vinyweleo, mishono ya nguo, majani ya mti. Ukitazama kwa mbali picha ni laini na kali pamoja. Ukiikuza, ngozi imekuwa kama ya sanamu ya nta na kuzunguka kila ukingo kuna mstari mweupe mwembamba uliowekwa ili picha ionekane kali. Huko hakuna undani wa kurudisha, umeshatupwa. Unachoweza kufanya ni kuzuia: ongeza mwanga ili ISO ishuke, na kama simu yako inaruhusu kuhifadhi picha ghafi (RAW), isiyosindikwa na simu, hifadhi ghafi kwa zile picha muhimu.

Kamera ya mbele ina nyongeza yake, ile ya urembo. Simu nyingi hutoka kiwandani ikiwa imewashwa. Inalainisha ngozi, inakondesha taya, na mbaya zaidi inatia weupe. Nimepokea picha za watu ninaowafahamu ana kwa ana nikashindwa kuwatambua. Ingia kwenye kamera ya mbele, tafuta kitufe cha urembo, kiteremshe mpaka sifuri. Na kwa ngozi nyeusi kuna jambo la mwangaza pia: simu hupima fremu nzima, ikiona anga jeupe au ukuta mweupe nyuma inateremsha mwangaza, na uso unabaki kivuli. Gusa uso kwenye skrini, kisha buruta kile kijijua juu au chini mpaka uso ukae sawa. Anga likiungua, liungue. Hakuna anayekuja kwangu kuchapisha anga. Mwaka 2021 Google walitoka na Real Tone kwenye Pixel 6 kwa ajili ya tatizo hili hili la ngozi nyeusi kutopewa haki yake, lakini kidole chako kwenye kijijua kinafanya kazi kwenye simu yoyote.

Lenzi chafu nimeichelewesha makusudi, kwa kuwa ndilo jibu ambalo kila mtu hulitoa hata pasipohusika. Inapohusika, utaijua hivi: picha nzima imepauka, weusi umekuwa kijivu, lakini ukikuza, kingo bado zipo chini ya ule ukungu. Na kila taa imetoa mkia mrefu wa mwanga. Mkia huo haukai ovyo. Ukiifuta lenzi kwa kidole kutoka juu kwenda chini, mafuta yanabaki katika michirizi ya wima, na mkia wa mwanga unalala mlalo, ukiikata michirizi hiyo kwa pembe mraba. Futa kwa kwenda pembeni, mkia unasimama wima. Jaribu usiku ukiangalia taa moja, utaona unageuka mwenyewe.

Safisha kwa kitambaa cha miwani, si kwa pindo la shati lenye vumbi. Puliza kwanza punje za mchanga zitoke, hemea kidogo lenzi ipate mvuke, futa kwa mzunguko. Kama mkia haukuondoka, vua protekta ya lenzi kama umebandika. Vioo hivyo vya ziada ni chanzo kikubwa cha taa kuonekana mbili mbili na picha kupauka. Kama ukungu unatokea flashi ikiwaka tu, vua kava: ukingo wa kava unaweza kuurudisha mwanga wa flashi ndani ya lenzi. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukaingia joto lenye unyevu, kipe kifaa dakika kadhaa. Huo ni mvuke, utakauka wenyewe.

Vijinukta vya kijani vinavyoelea kwenye picha za usiku ni mwanga wa taa unaorukaruka kati ya vioo vya lenzi. Chora mstari kutoka kwenye taa upitie katikati ya picha, utakuta kinukta upande wa pili. Sogeza simu kidogo, kitahamia kwenye giza au kitatoka nje ya fremu.

Kuvuta picha karibu kunastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu simu hapa inakuwa na usiri. Kwenye simu isiyo na lenzi ya mbali, kuvuta mara mbili ni kukata: kutoka pikseli milioni 12 unabaki na milioni 3, ukivuta mara nne unabaki na robo tatu ya milioni moja, na kilichobaki kimejazwa kwa kukisia. Hilo wengi wanalielewa. Wasilolijua ni kwamba hata simu yenye lenzi ya mbali huenda isiitumie. Mwanga ukiwa hafifu, au kitu kikiwa karibu mno, simu hurudi kimya kimya kwenye kamera kuu na kukata, wakati wewe kwenye skrini unaona imeandikwa 3x. Jaribio lake ni jepesi: weka 3x, kisha ziba lenzi moja moja kwa kidole uone ni ipi inayotia giza skrini. Au soma taarifa za picha baadaye.

Kwa karibu sana mambo hugeuka. Kamera kuu za simu nyingi mpya zina vihisi vikubwa zaidi, na gharama yake ni kwamba haziwezi kupata fokasi chini ya sentimita 20 hivi. Mtu anasogeza simu kwenye cheti au risiti mpaka maandishi yajae, katikati yanasomeka na pembeni yameyeyuka, au simu inarukia lenzi pana na rangi zinabadilika ghafla. Rudi nyuma nusu mita, vuta mara mbili. Utapata ukurasa ulionyooka na unaosomeka kila kona. Kamera za mbele nazo, nyingi hazina fokasi inayosogea kabisa. Zimepangwa kwa urefu wa mkono ulionyooshwa. Selfi ya kubandika simu usoni itakuwa na ukungu daima.

Mistari myeusi inayopita kwenye picha au video za ndani inatoka kwenye taa. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi kupepesa mara 100 kwa sekunde, wa hezi 60 mara 120, na kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa juu, mingine ikiwa chini. Ukiwa na hali ya kupanga mwenyewe, weka shata 1/100 au 1/50 penye hezi 50, na 1/120 au 1/60 penye hezi 60. Huna hali hiyo? Sogea karibu na dirisha, au badilisha taa.

Baada ya yote hayo ndipo nakubali kuzungumza habari ya kifaa kibovu. Jaribio langu linataka ukurasa wa gazeti. Ubandike ukutani panapopata mwanga wa mchana, weka simu juu ya rundo la vitabu kama mita moja mbele yake, iwe imenyooka sambamba na ukuta, gusa katikati ya ukurasa ipate fokasi, weka taima, ondoa mkono. Kisha kuza uangalie kona zote nne. Kona zote kulegea kidogo na kwa usawa ni tabia ya lenzi nyingi. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umeyeyuka, wakati simu ilinyooka, lenzi imekaa upande, mara nyingi baada ya kuanguka. Ukurasa wote ukiwa mkali, kamera yako ni nzima, na picha zako mbaya zinatokana na mojawapo ya mambo niliyokwisha kuyataja.

Dalili nyingine za ugonjwa wa kweli: picha inarukaruka kwenye skrini hata simu ikiwa mezani, au kamera inatoa mlio wa kutetemeka ukiifungua. Hapo kitulizi kimeumia. Mlio mdogo wa kitu kinachogongagonga ukiitikisa simu kamera ikiwa imezimwa ni wa kawaida kwa simu zenye kitulizi, usikutishe. Sumaku za kwenye kava na vishikizi vya gari zinaweza kukivuruga, kwa hiyo ziondoe kwanza uone. Mitetemo mikali nayo ina madhara: Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba kufunga simu moja kwa moja kwenye pikipiki yenye injini kubwa kunaweza kudhoofisha kamera kadiri siku zinavyokwenda. Kinukta chenye rangi kinachokaa mahali pale pale kwenye kila picha ni pikseli iliyokwama. Mstari wa rangi uliotokea baada ya tamasha lenye taa za leza ni kihisi kilichoungua. Doa la kijivu lisilohama, linaloonekana kwenye anga tu, ni vumbi lililoingia ndani. Hayo mpelekee fundi, bila ubishi.

Ukienda, mwoneshe picha ya gazeti, itaokoa nusu ya maelezo. Kama ni kioo cha nje tu kilichopasuka, mwambie abadilishe kioo na si kamera nzima, halafu angalia alichokuwekea, maana vioo vingine ni plastiki na vitakurudishia mpauko ule ule. Na kabla hujalipa, bandika gazeti ukutani mwake, urudie jaribio, uzikague kona zote nne palepale.